Ngumi na Vidole Viwili

Kosa langu la kwanza pale mezani lilikuwa kuandika saba mahali pa kumi na mbili. Niliandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri, katikati ya kisanduku, na kwa robo nzima ya mchezo niliendelea kuutazama mwandiko ule kwa fahari.

Nieleze meza kwanza, maana watu wengi wa kwetu hawajawahi kuuona mchezo wenyewe. Katika polo ya maji kila timu huwa na wachezaji saba bwawani, na kila mmoja ana kofia yenye namba. Mchezaji akifanya kosa kubwa, refa anapuliza filimbi, anamtoa nje kwa sekunde ishirini, halafu anageukia meza na kuonyesha namba yake kwa vidole. Kelele za ukumbi wa bwawa ni nyingi mno, maneno hayasikiki. Mtu wa mezani anaandika. Mchezaji akifikisha makosa makubwa matatu, mtu wa mezani anainua bendera nyekundu, na mchezaji huyo harudi tena majini katika mchezo ule. Refa hashiki karatasi. Karatasi nilikuwa nayo mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni huko Arlington. Kuogelea nilijifundisha mwenyewe. Nililelewa nyanda za juu, mbali na maji yoyote yanayofika kiunoni, na nilipoingia Marekani nikaona aibu kwamba wanafunzi wenzangu wote wanajua kitu nisichokijua. Nikaazima kitabu maktaba. Kupumua nilijifunzia kwenye beseni la plastiki jikoni, uso ndani, uso nje, nikihesabu. Teke la kujishikilia majini, lile ambalo kila mguu unazunguka upande wake, nilijifunzia kwenye kiti kabla sijaingia bwawani hata mara moja. Nilikuwa na daftari la kila zoezi. Siku niliyokosa zoezi niliandika sababu, na sababu ikiwa mbaya sikulala vizuri.

Nahodha wa timu ya polo ya chuo alinikuta bwawani nikizungukazunguka kwenye kona kama nguo kwenye mashine. Hakucheka. Aliniambia goti la kushoto linachelewa, kisha akaenda zake. Ndiye aliyeniambia nijaribu kuingia timu. Nikajaribu. Mchezaji hukaa majini mchezo mzima bila kugusa chini; mimi nilikaa dakika mbili, wakanivuta kwa fimbo ndefu. Kocha, mwanafunzi wa shahada ya juu aliyefanya kazi ile kwa mapenzi tu, aliniambia kwa upole kwamba haitawezekana. Nikamwomba kitabu cha sheria.

Nikakitolea kopi, nikaisoma mpaka kopi ikachakaa. Nikawa mtu wa karatasi. Wakaniita Profesa. Kufikia vuli ile nilikuwa nimeandika michezo kumi na mmoja bila kufuta wala kukata neno, na nilikuwa nikisema hivyo kwa watu ambao hawakuniuliza.

Mashindano ya taifa ya timu za wanaume za vyuo yalikuwa Houston. Tulishuka Ijumaa kwa barabara kuu namba arobaini na tano, kwenye gari kubwa la kukodi, nahodha akiendesha, mimi pembeni yake kwa sababu nilikuwa na ramani na sikumwamini mtu mwingine kuishika. Nyuma, namba kumi na mbili, jamaa mkubwa aliyekuwa akila tangu tulipotoka, alinigonga bega.

"Profesa. Umebeba rula?"

"Nimebeba mbili."

"Ukiniandikia kosa hata moja kesho, nakutupa bwawani."

"Nitazama."

"Si ulijifunza kuogelea?"

"Kwenye kitabu."

"Basi zama na kitabu chako."

Gari zima likacheka, na mimi nikacheka. Tulikuwa tukizungumza Kiingereza, bila shaka, lakini naikumbuka safari ile kwa Kiswahili kama ninavyokumbuka karibu kila kitu.

Wengine waliposinzia, nahodha aliniambia, macho yakiwa barabarani, "Baba anakuja kesho."

"Kukuona?"

"Kuniona. Miaka minne, hajawahi. Ni dereva wa lori. Kesho asubuhi anapita Houston, saa nane mchana lazima awe anapakia mzigo mwingine. Kwa hiyo ni mchezo wa asubuhi tu."

Nikamuuliza kama baba yake hawezi kuja mchezo mwingine, baada ya mashindano haya. Akasema Desemba anamaliza chuo, hakuna mchezo mwingine. Alivyosema ni kama mtu anayetaja namba ya nyumba. Lakini alikuwa ameshalisema mara tatu kabla ya kufika Houston, kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anakumbuka.

Asubuhi yake nikamwona baba huyo. Alikaa safu ya tatu, peke yake, na viatu vyake vya kazi, kofia ikiwa juu ya goti. Joto la ukumbi lilikuwa kali na klorini ilichoma macho, lakini hakuvua koti. Alikuwa akitazama maji kama mtu aliyeingia kanisa lisilo lake na hataki kusimama wakati usiofaa.

Utaratibu wa raundi ile ulikuwa kwamba kila timu itoe mtu mmoja wa mezani. Wapinzani wetu walimtoa kijana wa saa; sisi tulitoa mtu wa kalamu. Msimamizi wa meza zote alikuwa mama mmoja mwenye nywele nyeupe na miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alitazama kalamu zangu nne nilizozipanga sambamba, akaniuliza kama nimewahi kuandika mchezo mkubwa. Nikamwambia kumi na mmoja, bila kufuta. Akasema, "Haya."

Timu yetu ilivaa kofia za bluu. Nahodha alikuwa namba saba.

Robo ya pili, filimbi ililia, mtu wa bluu akatolewa. Mimi nilikuwa nikimalizia kuandika bao lililotangulia, nikitaka mstari unyooke. Nikainua macho, nikamwona refa amekunja ngumi mkono wa kulia na kunyoosha vidole viwili mkono wa kushoto. Nikainamisha macho, nikaandika saba. Kwenye kitabu cha sheria ngumi ni kumi. Nilikuwa nikiijua sheria ile kabisa, ningeweza kukuambia iko upande gani wa ukurasa. Ngumi na vidole viwili ni kumi na mbili. Lakini niliandika saba, na mkono wangu haukusita hata kidogo.

Nahodha alikuwa amepumzishwa dakika zile. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, hatua chache kutoka mezani, taulo begani, akila chungwa. Nilisikia harufu ya chungwa.

Robo ya tatu matokeo yalikuwa sawa. Nahodha alikuwa amefunga mabao matatu, na kila alipofunga nilimwona baba yake akiigeuza kofia gotini, mara moja, kama mtu anayefungua kifuniko. Halafu nahodha akafanya kosa lake la kwanza la kweli, akatolewa, akarudi. Baadaye kidogo akafanya la pili. Refa akaonyesha vidole vitano na vidole viwili. Hiyo ilikuwa saba bila ubishi. Nikaandika. Kwenye karatasi kukawa na makosa matatu mbele ya namba yake, yamepangika vizuri, na mkono wangu ukainua bendera nyekundu.

Kocha wetu alikuja mbio pembeni ya bwawa mpaka akateleza.

"Mawili! Ana mawili!"

Refa akaja mezani. Maji yalikuwa yakimdondoka kwenye suruali. "Matatu?"

"Matatu," nikasema.

"Una hakika?"

Kuna namna friji inavyonyamaza ghafla nyumbani, ndipo unatambua kwamba ilikuwa ikinguruma. Kitu cha aina hiyo kilitokea kichwani mwangu. Nikasikia tena harufu ya chungwa. Nahodha alikuwa kwenye kona ya bwawa, mkono mmoja ukutani, hakuwa akimtazama refa wala kocha. Alikuwa akinitazama mimi, na wala si kwa hasira. Alikuwa akisubiri, kwa kuwa alijua kwamba mimi huwa sikosei.

Nikatazama karatasi. Haikuwa na doa.

"Ndiyo," nikasema.

Nahodha akatoka majini. Sikuona aibu, sikuona huruma, sikuona kitu. Mikono ilikuwa baridi, basi. Niliandika robo ya nne yote bila kukosea. Tulifungwa kwa bao moja, na timu iliyoshindwa asubuhi ile ilibakiwa na mchezo mmoja tu, Jumapili, wa kugombea nafasi za chini.

Watu walipoanza kutoka, baba yake alikuja mezani. Alisimama kofia mkononi kama mtu aliyeingia ofisi ya serikali.

"Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiyo, mzee." Nilisema *sir*, lakini moyoni ilikuwa mzee.

"Mwanangu kafanya nini hata wakamtoa?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Makosa matatu."

"Matatu ni mengi?"

"Ndiyo mwisho."

"Makosa ya namna gani? Anapiga watu?"

Ningeweza kumweleza kwamba kosa kubwa katika mchezo huu mara nyingi ni kumshika mtu asiye na mpira, kwamba wachezaji wote hulifanya, hata walio wazuri kuliko wote. Nilisema, "Kushika na kuvuta."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Sikumlea hivyo," akasema, si kwangu hasa, akavaa kofia, akatoka kumtafuta mwanawe. Niliwaona kupitia kioo cha mlango wa maegesho. Baba ndiye aliyekuwa akizungumza. Hawakuchukua muda. Halafu baba akaenda kwenye lori lake, na nahodha akabaki amesimama pale, na nywele zake mbichi, akitazama mahali ambapo lori lilikuwa.

Niliendelea kukusanya kalamu zangu. Moja haikuwa na kifuniko, nikakitafuta chini ya meza mpaka nikakipata.

Timu ililala kwenye moteli, lakini mimi nilikuwa na ruhusa ya kwenda kwa mdogo wake mama, ambaye sote tunamwita anti. Alikuwa akiishi Sharpstown, mtaa wa hapo hapo Houston, nyumba za ghorofa mbili zinazotazamana na maegesho katikati, na alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Alinichukua saa kumi alasiri bado akiwa na sare za kazi.

"Mmeshinda?"

"Hapana."

"Na hiyo sura ni ya kushindwa ama ni ya njaa?"

"Sijui, anti."

"Basi ni njaa. Utanisaidia chapati. Kesho ni zamu yetu kulisha watu kanisani."

Nikasimama jikoni nikisukuma chapati. Hata hizo nilikuwa nikizipima kwa macho ziwe duara kamili, na anti alikuwa akinisukuma pembeni kwa kiwiko akisema zinaenda tumboni, haziendi maonyesho. Mlango wa kibaraza ulikuwa wazi. Ng'ambo ya maegesho, kwenye kibaraza cha juu, alikuwa jirani yake, mama mmoja wa Bukavu aliyekuja na watoto sita kupitia kambi ya wakimbizi. Chini watoto walikuwa wakicheza mpira kati ya magari, wakipigiana kelele kwa Kiingereza.

Anti akatoka kibarazani, akapaza sauti. "Mama! Za kwako nikuwekee ngapi?"

Yule mama akasema kitu, kelele za watoto zikakimeza. Akainua mkono, akakunja ngumi.

"Tano," anti akaniambia bila kugeuka. Yule mama akafikiri, akainua na mkono wa pili, vidole viwili.

"Saba. Lazima amepata wageni." Akapaza tena sauti: "Unalisha jeshi?"

Sasa watoto walikuwa wametulia kidogo, tukamsikia. "Eh, dada, batoto banakula sana huku! Baridi ya mashine inabapa njaa!"

Anti akarudi akicheka. Mimi nilikuwa nimesimama na kifimbo cha chapati mkononi.

"Anti, umejuaje ni saba?"

"Si ameonyesha?"

"Ngumi ni ngapi?"

Akanitazama. "Wewe nawe. Ngumi ni tano. Tangu lini ikabadilika?"

Nikakaa kwenye ndoo ya unga. Mama yangu alikuwa akiuza kabichi sokoni, na wachukuzi walikuwa wakishusha magunia upande wa pili, kelele tele katikati. Aliwaonyesha kwa mkono. Ngumi, magunia matano. Ngumi na vidole viwili, saba. Kumi ilikuwa ngumi mbili. Nilikuwa nimekisoma kile kitabu cha sheria mpaka kikachakaa, lakini mkono wangu ulikuwa umesoma mapema zaidi, nikiwa na miaka minne au mitano, nimekaa juu ya kabichi.

Nikamweleza anti yote. Nilimweleza bila kituo, mpaka kwa baba aliyeshika kofia. Alisikiliza akigeuza chapati kwa vidole.

"Hata mimi," akasema, "mzee mmoja pale kazini alinionyesha ngumi. Mimi nikamletea sukari vijiko vitano kwenye chai. Kumbe alikuwa ananitisha kwamba atanipiga."

Sikucheka. Akazima jiko.

"Utamwambia?"

"Matokeo hayawezi kubadilika, anti. Mchezo umeisha."

"Sijauliza matokeo."

Jumapili asubuhi alinishusha bwawani mapema, injini ikiwaka, kwa kuwa alikuwa na sufuria za kanisa kwenye kiti cha nyuma. Alinikabidhi chapati mbili kwenye karatasi ya foili, akasema, "Sema maneno machache," akaondoka.

Nahodha alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini ya jukwaa akijifunga plasta kwenye kidole. Nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimejiandalia sentensi nikiwa kitandani, nimezirekebisha mara nyingi, na zote zikatoka kwa mpangilio wake.

"Nilikosea karatasi jana. Kosa la robo ya pili halikuwa lako. Lilikuwa la kumi na mbili. Ulikuwa na mawili tu."

Aliendelea kuzungusha plasta. "Umejua lini?"

Nikamweleza ngumi. Nikamweleza soko, magunia, yule mama wa kibarazani. Akaniambia nimwonyeshe saba, nikamwonyesha ngumi na vidole viwili, na kwa muda mfupi nikadhani atatabasamu.

"Sawa," akasema. "Hiyo ni ya kuandika. Lakini refa alikuja kukuuliza."

"Ndiyo."

"Alipokuuliza, ulijua?"

"Nilijua kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Kwamba robo ya pili ulikuwa benchi. Ulikuwa unakula chungwa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

Sentensi nilizojiandalia zilikuwa zimeisha. "Karatasi ilikuwa safi," nikasema.

Akairudia taratibu, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. "Karatasi ilikuwa safi." Halafu akasema, "Baba yangu ameondoka akidhani mimi ni mchezaji mchafu."

Akatoa simu kwenye mfuko wa begi lake, akabonyeza, akasikiliza inavyolia, akanipa. "Mwambie wewe."

Nilisikia injini kabla sijasikia sauti. Nikajieleza: mimi ni yule wa mezani, yule wa karatasi. Nikamwambia mwanawe alikuwa na makosa mawili, kwamba la tatu lilikuwa la mtu mwingine, na makosa yenyewe si ya kupiga watu, kila mtu huyafanya.

"Kwa hiyo walimtoa bure," akasema.

"Si wao. Mimi ndiye niliyemtoa."

"Nilimwambia maneno jana," akasema. "Pale nje."

"Ndiyo, mzee. Niliwaona."

"Alicheza vizuri, au sivyo? Mimi mchezo wenyewe siujui."

"Alifunga matatu. Alikuwa mzuri kuliko wote majini."

"Mpe simu."

Nikampa. Nahodha akaenda nayo mpaka kwenye mashine za soda, akanipa mgongo. Sijui walisema nini. Nilikuwa nimeshika foili ya chapati, bado ya moto, na niliona kwamba naihisi kwa mbali tu, kana kwamba nimevaa glavu.

Nikaenda kwa yule mama wa nywele nyeupe. Nilimwambia karatasi ya jana ina kosa, na kosa ni langu.

"Matokeo hayabadiliki," akasema.

"Najua."

"Sasa unataka nini?"

"Kuirekebisha."

Akaitafuta kwenye faili, akaiweka mbele yangu. Alinionyesha: mstari mmoja juu ya namba, usiifiche, namba sahihi pembeni, sahihi yako chini. Nikakata saba. Nikaandika kumi na mbili. Nikatia sahihi. Ulikuwa mkato wangu wa kwanza katika michezo kumi na miwili, na haukunyooka. Nilitegemea nitasikia kitu, ahueni au angalau maumivu. Haikuja ahueni, hayakuja maumivu. Ilikuwa karatasi yenye mstari.

"Kaa," akasema. "Timu yenu inaanza baada ya dakika ishirini."

"Bado unanitaka?"

"Sina mtu mwingine." Akachukua kalamu zangu zote nne, akaziweka upande wake wa meza, akanisukumia penseli. "Na kila namba itaje kwa sauti kabla hujaiandika. Refa akuitikie kwanza."

Ndivyo nilivyofanya. Filimbi ikilia, nilisimama na kupiga kelele kwa Kiingereza changu cha nyanda za juu: "Bluu, kumi na mbili?" na refa akaitikia kwa kichwa. Mara ya kwanza nilipomwita namba kumi na mbili, ambaye alikuwa ameshaambiwa, alitoa kichwa majini, akapaza sauti, "Profesa! Leo umeniona!" Benchi likacheka. Nahodha hakucheka, ila aligeuka akanitazama.

Alicheza mpaka mwisho na kosa moja tu mbele ya jina lake. Alifunga mawili. Kila alipofunga nilitazama safu ya tatu, ingawa nilijua hakuna mtu. Tulishinda kwa tofauti ya mabao mawili, mchezo ambao hakuna aliyekuja kuutazama isipokuwa wazazi wachache wa timu ile nyingine.

Wakati wa kurudi Arlington nilikaa nyuma, na namba kumi na mbili akashika ramani. Njiani tulisimama kuweka mafuta. Nahodha aliinama dirishani kwangu, akaniuliza, "Unataka kitu?" Nikasema hapana. Chapati nilimpa moja, akaila amesimama karibu na pampu, akafuta vidole kwenye suruali. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Desemba alimaliza chuo, akahama, na mimi sikumtafuta.

Niliendelea kuandika michezo kwa miaka miwili mingine, kisha nikapata kazi ya ofisini ambako kazi yangu kubwa ni kukagua michoro ya watu wengine. Ganzi iliyonishika siku zile mbili iliisha yenyewe baada ya wiki kadhaa, siku moja nikiosha vyombo, na kilichokuja baada yake hakikuwa kizuri, lakini angalau nilikisikia.

Siku hizi natumia penseli. Mtu akiniuliza kama nina hakika, natazama tena kabla sijajibu, na kama sina, nasema sina.